FLAMMABLE na INFLAMMABLE: Maneno ya Kwenye Dumu

Ndugu msomaji wa Ole, ukienda dukani Chake Chake kununua rangi, au ukipita bandarini Mkoani mizigo inashushwa, tazama maandishi ya madumu na mapipa. Moja limeandikwa FLAMMABLE. Jingine limeandikwa INFLAMMABLE. Soma pole pole: flamabo, inflamabo. Ni maneno ya Kiingereza. Yamepitana kwa herufi mbili tu za mwanzo, I na N.

Hapo ndipo penye hatari. Aliyejifunza Kiingereza kidogo anajua kuwa IN mara nyingi hukanusha, kama SI yetu. CORRECT ni sahihi, INCORRECT si sahihi. Basi akiona INFLAMMABLE atasema, "Aa, hiki hakishiki moto," akiweke karibu na jiko. Na nyumba ya makuti haingoji!

Maneno yote mawili yana maana moja: kinashika moto upesi. IN ya hapa haikanushi. Imetoka Kilatini, ambako INFLAMMARE ni kuwasha moto. Neno refu ndilo la zamani. Huko Marekani wataalamu wa kuzuia moto waliona watu wanaweza kudanganyika, na katika miaka ya 1920 wakahimiza neno fupi litumike. Hata hivyo neno refu halijafa, na Wafaransa wanaliandika hivyo hivyo hadi leo. Ukitaka kinyume chake, tafuta NON-FLAMMABLE.

Na mafuta yenyewe je? Petroli ya mashine ya boti hutoa mvuke unaowaka hata siku ya baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, ukaufuata moto ulipo. Mafuta ya taa hayana haraka hiyo: hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la digrii 38 hivi au zaidi. Lakini yakichanganyika na petroli, hata kidogo, koroboi yaweza kulipuka mkononi mwako.

Hata bila Kiingereza ipo alama: mraba uliosimama kwa pembe yake, na ndani yake mwali wa moto.

ZOEZI. Tafuta nyumbani kopo la rangi, au la dawa ya kupuliza mbu. Je, lina neno gani kati ya hayo? Linakili katika daftari lako. Kisha andika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, KINASHIKA MOTO UPESI, uibandike juu ya kopo hilo, ili na watoto wasome.