Kipakatalishi Kikikataa Kuwaka Baada ya Kuchomoa Diski ya Nje

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Vipakatalishi vingi vinavyotumika majumbani, kwenye saiba na katika biashara ndogo ndogo vilinunuliwa vikiwa vimetumika ng'ambo, na baadhi yavyo haviwezi kupokea Windows 11. Kwa sababu hiyo, wapo wakaazi walioamua kuwa na mifumo endeshi miwili katika mashine moja: Windows inabaki kwenye diski ya ndani, nayo Ubuntu au Linux ya aina nyingine inawekwa kwenye diski ya nje ya USB. Uamuzi huo ni mzuri. Diski ya ndani haiguswi, na gharama yake ni ndogo kuliko kununua mashine mpya.

Shida huanza siku diski ile ya nje inapochomolewa. Tuseme kijana wa chuo ameenda nayo shuleni, na mamake nyumbani anataka kuwasha kipakatalishi awasilishe ritani ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Badala ya Windows anaona skrini nyeusi yenye neno "grub>" au "grub rescue>", au maandishi yanayosema kifaa fulani hakipatikani. Anakimbilia kwa fundi. Fundi asiyekuwa makini atamwambia mashine ni lazima ifomatiwe. Rekodi za chama, picha za familia na kazi za shule zinapotea, ilhali Windows ilikuwa salama muda wote.

Ili kuelewa kilichotokea, fuata safari ya mashine kuanzia unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Kwanza inaamka programu msingi iliyo ndani ya bodi yake, ambayo wengi wetu bado tunaiita BIOS, ingawa katika mashine za miaka ya karibuni jina lake ni UEFI. Hiyo husoma orodha yake fupi ya mahali pa kuanzia, kisha huenda kwenye kigawanyo kidogo cha diski kinachoitwa kigawanyo cha EFI. Humo ndimo huhifadhiwa programu za kuwasha, ambazo mafundi huziita butiloda. Ya Windows ina folda yake, ya Ubuntu inayoitwa GRUB ina yake. Butiloda ndiyo inayoufuata mfumo endeshi mahali ulipo na kuuamsha.

Sasa tatizo lenyewe. Kwa miaka mingi programu ya kusakinisha Ubuntu imekuwa na tabia ya kuiweka GRUB kwenye kigawanyo cha EFI cha diski ya ndani, hata pale mtumiaji alipochagua diski ya nje. Kwa hivyo GRUB ipo ndani, lakini mafaili yake mengine pamoja na Ubuntu nzima yako nje. Ni kama bawabu aliyekabidhiwa lango huku funguo zikiwa mfukoni mwa mtu aliyesafiri. Diski ikiwa imechomekwa, kila kitu kinakwenda sawa. Ikichomolewa, GRUB inaamka ya kwanza, inatafuta mafaili yake, inayakosa na kusimama hapo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kurekebisha chochote. Ni kuingia Windows. Zima mashine kabisa, iwashe, na papo hapo bonyeza mara kadhaa kitufe cha orodha ya kuwasha. Kwenye Dell, Lenovo na Acer nyingi ni F12. Kwenye HP ni F9, au Esc kisha F9. Kwenye Asus nyingi ni Esc. (Katika Acer, F12 huenda ikawa imezimwa kwenye mipangilio, basi ingia kwa F2 uiwashe.) Utaona orodha, chagua "Windows Boot Manager". Windows ikifunguka, pumua: hakuna kilichopotea. Ukiwa tayari umekwama kwenye "grub>", andika neno exit na ubonyeze Enter. Mara nyingi mashine itaiacha GRUB na kwenda kwa kinachofuata kwenye orodha, yaani Windows.

Ikiwa unataka tu shida isirudi, na anayetumia Ubuntu hajali kubonyeza kitufe kimoja zaidi, ingia kwenye mipangilio ya BIOS kwa F2, F10 au Delete kulingana na mashine, tafuta ukurasa wa mpangilio wa kuwasha, na uiweke "Windows Boot Manager" juu ya "ubuntu". Hifadhi, toka. Kwa familia nyingi kazi inaishia hapo, na kwa maoni yetu ndiyo suluhisho bora kwa mtu asiyependa kuandika amri. Kasoro yake ni kwamba butiloda ya Ubuntu bado inakaa kwenye diski isiyo yake, na diski ya nje haiwezi kuwaka kwenye kipakatalishi kingine.

Kabla ya kugusa mipangilio hiyo, tahadhari moja muhimu kuliko zote. Mashine nyingi mpya huwa zimefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kufahamu. Ukibadilisha mpangilio wa kuwasha au ukizima "Secure Boot", huenda Windows ikadai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo data yako haifunguki, na hakuna fundi atakayeufungua. Ingia mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, utafute ufunguo huo, na uuandike kwenye karatasi. Usiuhifadhi ndani ya mashine ileile.

Anayetaka kutengeneza mambo kikamilifu ataihamisha butiloda hadi diski ya nje. Chomeka diski, ingia Ubuntu kama kawaida, fungua terminali na uandike:

lsblk -f

Amri hii huonyesha diski zote na vigawanyo vyake. Soma polepole. Katika mfano wetu diski ya ndani ni nvme0n1 na ya nje ni sdb. Kwako herufi zinaweza kuwa tofauti, na hapa ndipo watu huharibu kazi kwa haraka. Angalia kama diski ya nje ina kigawanyo kidogo cha aina ya vfat. Kama hakina, itabidi uwashe mashine kwa flashi ya kusakinishia Ubuntu, uchague kuijaribu bila kusakinisha, kisha kwa programu ya GParted upunguze kigawanyo kikubwa cha diski ya nje na kutengeneza kipya cha FAT32 cha takriban megabaiti 300, ukikiwekea alama za boot na esp. Nakili kwanza mafaili yako ya maana mahali pengine. Kupunguza kigawanyo si mchezo, na umeme ukipotea katikati hasara ni yako.

Kigawanyo kikiwapo, tuseme ni sdb1, rudi Ubuntu uandike:

sudo umount /boot/efi
sudo mount /dev/sdb1 /boot/efi
sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
sudo update-grub

Amri ya grub-install imerudiwa kwa makusudi. Ya kwanza huweka GRUB kwenye folda ya Ubuntu na kuisajili kwenye orodha ya mashine. Ya pili, yenye neno removable, huiweka kwa jina BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI/BOOT, mahali ambapo UEFI ya mashine yoyote hutazama inapokutana na diski isiyoijua. Kuna mashine ambazo diski ya nje ikichomolewa hufuta jina lake kwenye orodha, na ikirudishwa hazilikumbuki tena. Bila amri hiyo ya pili, ungelazimika kurudia kazi hii kila mara.

Bado faili moja. Fungua /etc/fstab kwa amri ya sudo nano /etc/fstab, tafuta mstari wenye /boot/efi, na ubadilishe namba ya UUID iwe ya sdb1 kama ulivyoiona kwenye lsblk. Usipofanya hivyo, sasisho lijalo la Ubuntu litaiandika GRUB tena kwenye diski ya ndani na utajikuta ulikotoka. Zima mashine, chomoa diski, washa: Windows ifunguke yenyewe. Zima, chomeka diski, washa: orodha ya GRUB ionekane. Isipoonekana, bonyeza F12 uchague diski ya USB.

Ikitokea kwamba Windows yenyewe imekosa butiloda, labda kwa sababu mtu alifuta kigawanyo cha EFI au folda ya Microsoft, hapo ndipo utahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi yenye Windows, iliyotengenezwa kwa zana ya Microsoft kwenye mashine nyingine. Washa kwa flashi hiyo, na skrini ya kwanza ikitokea bonyeza Shift na F10. Andika diskpart, kisha list vol, chagua kigawanyo kidogo cha FAT32 kwa select vol na namba yake, halafu assign letter=S na exit. Hakikisha herufi ya diski yenye Windows, kwa kuwa hapa huenda isiwe C. Ikiwa ni C, andika:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Utapata jibu kwamba mafaili ya kuwasha yametengenezwa. Maelekezo mengi yanayozunguka mitaani hutaja bootrec /fixmbr. Hiyo ni ya mashine za zamani zisizotumia UEFI, na hapa haisaidii.

Mambo mawili madogo kwa wanaotumia mifumo miwili. Ukichomeka diski yenye Linux ukiwa ndani ya Windows, wakati mwingine utaulizwa kama unataka kuifomati ili itumike. Kataa. Windows haijui kuisoma, wala haina maana kuwa imeharibika. Waambie na watoto. La pili ni saa: baada ya kutumia Ubuntu, Windows inaweza kuonyesha saa tatu nyuma, kwa kuwa Linux huhifadhi saa ya dunia ya UTC ndani ya mashine na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye Ubuntu, na saa zitalingana.