Anayedai Ndiye Athibitishe

Soko la Nyasho mjini Musoma, mwalo wa Mwigobero, stendi ya Bunda, maduka ya Kiabakari wilayani Butiama: mkusanya madeni huja kwa namna ileile. Anafika wateja wakiwa wengi, anataja kiasi kwa sauti, kisha anashusha: "Toa hata elfu ishirini tu, niondoke." Mama muuza dagaa, kwa kuona haya mbele ya majirani, anatoa. Hajaonyeshwa mkataba, hajui jumla ile imepatikanaje, na pengine aliyekopa ni mtu mwingine kabisa aliyeandika jina la mama huyo kama mdhamini.

Elfu ishirini hiyo ina madhara kuliko inavyoonekana. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai yatokanayo na mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6. Ukilipa sehemu ya deni kabla muda huo haujaisha, au ukisaini maandishi ya kulikiri, miaka huanza kuhesabiwa upya. Na hata kama muda si tatizo, siku ya kesi utaulizwa: kama hukuwa unadaiwa, ulilipa ya nini? Kwa hiyo usitoe kitu na usisaini kitu kabla hujaona karatasi.

Kuomba karatasi si ujeuri, na si kukataa kulipa. Deni la kweli lina mkataba, lina tarehe, lina hesabu, na mkopeshaji halali anavitoa bila kusukumwa. Nchini Marekani tangu mwaka 1977 ipo sheria inayompa mdaiwa siku 30 za kupinga deni kwa maandishi, na mkusanyaji analazimika kusimama mpaka alithibitishe. Kwetu hakuna kifungu kimoja cha namna hiyo, ila msingi upo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inambebesha anayedai haki mzigo wa kuithibitisha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, pamoja na kanuni zake za mwaka 2019, inamtaka mkopeshaji awe na leseni, aweke masharti ya mkopo wazi na asimdhalilishe mteja wakati wa kukusanya.

Basi andika barua. Maneno yanaweza kuwa haya: "Nimepokea madai yenu ya shilingi kadhaa. Kwa sasa silikiri wala silikatai deni hili. Naomba mnipatie kwa maandishi nakala ya mkataba wenye saini yangu. Mchanganuo unaoonyesha kiasi nilichopokea, riba, ada, faini na kila rejesho lililolipwa pamoja na tarehe yake. Nakala ya leseni yenu. Na kama mnakusanya kwa niaba ya mwingine, barua ya mkopeshaji inayowapa idhini. Nitajibu nikishapokea." Kama unadaiwa kwa udhamini, omba fomu ya udhamini yenye saini yako. Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikataa kugonga mhuri, itume pia kwa WhatsApp na uhifadhi ujumbe huo.

Mchanganuo ukija, kaa na kalamu. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 300,000 unaolipwa 5,000 kila siku kwa siku 90. Jumla ni 450,000, maana yake riba ni 150,000, zaidi ya asilimia 16 kwa mwezi. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, lile la wakopeshaji wasiopokea amana. Hata ukipiga asilimia hiyo juu ya mkopo wote kwa miezi mitatu, bila kupunguza kadiri unavyolipa, riba ni 31,500. Watu waliuita mkopo wa aina ile kausha damu, na hawakukosea. Linganisha kila rejesho na kijitabu chako na ujumbe wa simu wa miamala. Fedha uliyotuma kwenye namba binafsi ya afisa mikopo mara nyingi haionekani kwenye hesabu ya kampuni, hivyo ujumbe ule usiufute.

Leseni nayo ihakiki mwenyewe. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kwa mikopo ya simu, Benki Kuu ilitoa mwongozo mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu 69 zisizo na kibali. Wanaowapigia ndugu zako wote waliomo kwenye simu ili kukuaibisha wanagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wajane niwazungumzie peke yao, kwa sababu wanaumizwa sana. Msibani msemaji wa familia hutangaza kwamba aliyemdai marehemu ajitokeze, na ni desturi nzuri. Lakini kujitokeza si kuthibitisha. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoiacha, kupitia msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye ana haki ya kudai karatasi zilezile. Mjane hana wajibu wa kulipa kwa kuuza mbuzi wake mwenyewe, isipokuwa naye alisaini. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Hilo limo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Ukitishiwa polisi, kumbuka kwamba kushindwa kurejesha mkopo ni shauri la madai, si jinai, mradi hukudanganya ili uupate. Mtendaji wa kata au kijiji anaweza kuwasuluhisha, lakini hana mamlaka ya kuamuru kitanda na televisheni vibebwe. Anayekuja kubeba mali aonyeshe amri ya mahakama, au hati ya dhamana uliyoisaini pamoja na notisi uliyopewa, na dalali aonyeshe leseni yake. Amri ikiwa na namba ya kesi, nenda mahakama iliyotajwa ukaulize masjala kama kesi hiyo ipo.

Malalamiko yaanzie kwa mkopeshaji kwa maandishi. Asipokusikiliza, yapeleke Benki Kuu. Kwa watu wa Mara tawi la karibu ni Mwanza. Kama kuandika ni kazi, tafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza.

Ila samansi usiipuuze, hata kama una hakika hudaiwi. Usipofika, mdai anaweza kusikilizwa peke yake na hukumu ikatoka. Nenda siku iliyoandikwa, na ile barua yako yenye mhuri.