JE, UMELISUBIRI LILE "ILA"?

Kijana unayeshika karatasi hii! Usiikunje kwanza. Soma mpaka mwisho. Ni dakika chache tu, na simu yako haitakimbia.

Nina swali kwako. Leo tangu asubuhi umewasalimia watu wangapi kwenye simu? Kumi? Ishirini? Umeandika "mambo", wamejibu "poa". Umetuma kikatuni cha kucheka, nao wamerudisha kikatuni. Sawa. Sasa swali la pili: kati ya hao wote, ni yupi unayejua alilalaje usiku wa jana?

Umenyamaza? Basi hebu tujifunze pamoja.

1. SALAMU YETU INA MLANGO

Sisi tumelelewa kusalimiana kwa urefu. Bibi yako haulizi mara moja akaondoka. Atauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, mpaka za shamba. Na wewe unajibu "nzuri", "salama", "njema". Hata mwenye msiba akiulizwa habari hujibu "nzuri". Je, anasema uongo? La hasha! Hiyo ni adabu. Habari yenyewe inakuja nyuma:

"Nzuri, ila mtoto hakulala, ana homa."
"Salama, ila mzee amelazwa."
"Njema, ila kazini tumesimamishwa."

Umeona? Ukweli wa mtu umekaa nyuma ya neno ILA. Zile salamu za kwanza zote ni kubisha hodi. "Ila" ndiyo "karibu ndani".

2. KWENYE SIMU TUNAISHIA KUBISHA HODI

Sisemi simu ni mbaya. Simu ni chombo kama jembe. Leo dada aliyeko Muscat anaongea na mama yake Tanga kila jioni, na wanaonana sura. Hilo ni jambo jema kabisa.

Lakini angalia hesabu hii. Kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu hadi 1,024. Robin Dunbar, mtaalamu wa Uingereza, tangu miaka ya 1990 amefundisha kwamba mwanadamu anaweza kushika uhusiano wa kweli na watu kama 150 tu, na wale wa ndani kabisa ni kama watano. Kwa hiyo kundi la watu 1,024 halikupi marafiki 1,024. Linakupa namba 1,024!

Unaandika "mambo", anajibu "poa", na kidole chako kimeshahamia kwa mwingine. Umewahi kuona simu inaonyesha mwenzako anaandika, kisha inakoma, kisha anaandika tena, halafu mwisho linakuja neno moja tu, "poa"? Pengine alikuwa na "ila" yake. Akaiandika, akaifuta. Kwa nini? Hakuona kama kuna mtu anaisubiri.

3. CHUKUA MFANO HUU

Tuseme kuna kijana wa bodaboda. Pikipiki si yake, ni ya mkataba. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Wiki ya pili sasa hesabu haitimii, na tajiri ametishia kuichukua pikipiki. Lakini kwenye status ameweka picha amevaa miwani, muziki unalia. Watu sitini wametazama. "Umetisha mwanangu!" Baada ya saa 24 picha inapotea, na zile sifa nazo zimekwenda.

Usiku anamwandikia rafiki yake: "Oya, upo?" Tiki mbili zinageuka bluu. Jibu hakuna.

Tiki za bluu zilikuja mwaka 2014. Zinasema umesoma. Hazisemi umesikia!

Asubuhi yule kijana anakwenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba ya kunyonya. Sasa ana madeni mawili. Kumbe angepata mtu mmoja wa kumwambia, "Usichukue huo mkopo, twende wote kwa tajiri tukaongee naye," pengine mambo yangekuwa mengine.

4. LABDA UTASEMA...

"Nikiuliza sana nitaonekana mmbea." Sikiliza. Mmbea anauliza ili apeleke. Rafiki anauliza ili abebe. Tangu mwaka 2016 maneno ya WhatsApp yanafungwa kwa kufuli, hata kampuni yenyewe haiyasomi njiani. Lakini kufuli hilo halimzuii aliyetumiwa kupiga picha kioo chake na kuirusha kwenye kundi. Kufuli la mwisho ni WEWE. Ukishaambiwa "ila" ya mtu, ifie kwako.

"Sina hela ya kumsaidia." Nani kakuambia ametaka hela? Biblia inaeleza habari za Ayubu. Alipopata msiba, rafiki zake watatu walikuja wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walikuwa rafiki kweli. Walipoanza kumhukumu ndipo walipomwumiza.

5. UFANYE NINI?

Kwanza, uliza mara ya pili. Akisema poa, mwambie, "Poa ya kweli au ya mdomoni?" Kisha subiri.

Pili, taja jambo lenyewe. "Mguu wa mama unaendeleaje?" ni bora kuliko "za kwako".

Tatu, kama huna nafasi, sema. "Nimeona, niko kwenye daladala, saa mbili usiku nakupigia." Na ikifika saa mbili, piga!

Nne, jambo zito lisikae kwenye maandishi. "Sawa" iliyoandikwa inaweza kuwa furaha, hasira au kilio. Sauti utaijua. Na kama anakaa mtaa wa pili, vaa ndala uende.

Tano, mtu akikuambia amechoka kuishi, usicheke, usimwache peke yake. Nenda kwake, mtafute mtu mzima mnayemwamini, mfikisheni hospitali.

Sita, na wewe sema "ila" yako. Usikae na mzigo eti kwa sababu status yako inang'aa.

Kijana, uamuzi ni wako, na amua leo. Fungua simu yako sasa hivi. Wapite wale wa juu unaochati nao kila siku. Shuka, shuka mpaka chini, umtafute yule aliyenyamaza siku nyingi. Mwandikie kwa jina lake.

Akikujibu "poa", usiondoke.