Katazo Linakataza Nini Hasa? Mafunzo Niliyopata

Kijana wangu wa Kasulu unayejiandaa kwa mtihani wa vitendo wa mitandao wa CCIE, nakuandikia kabla hujakata tiketi. Mimi ilinibidi niende Dubai mara mbili kuufanya.

1. Usijiongezee makatazo

Safari ya kwanza, swali moja lilitaka matawi yote yapate njia ya kutokea, kisha likasema: usitumie njia tuli. Nikaganda. Nikaamua kwamba basi hata njia ya chaguo-msingi ni haramu, ingawa OSPF inaweza kuitangaza yenyewe kwa amri moja, bila njia tuli hata moja. Badala yake nikamwaga njia za BGP ndani ya OSPF, nikavuruga swali nililokwisha kulimaliza. Saa mbili kati ya nane zikaenda, na mtihanini swali hupewa alama zote au halipewi kitu. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba hakuna aliyenizuia. Nilijizuia mwenyewe, kwa woga. Kabla ya kugusa kibodi, andika maneno ya katazo kama yalivyo, na chini yake kila njia ambayo halikuitaja. Hizo zote unaruhusiwa.

2. Uliza swali linalojibika

Siku ile nilimwuliza msimamizi, "Nifanyeje?" Akaniambia nisome tena. Safari ya pili nikauliza: "Katazo hili ni la ruta hii tu, au la mtandao mzima?" Akanijibu palepale.

3. Kazini, tafuta sababu

Nilirudi na cheti. Mzee wa ofisi moja Kibondo akaniambia, "Fundi, usizime mtandao mchana." Nikalipima katazo kwa maneno yake, kama nilivyozoea mtihanini: kuwasha upya swichi moja si kuzima mtandao. Dakika tatu tu. Kumbe ndizo dakika ambazo watumishi walikuwa wakituma taarifa za mwezi, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Mzee hakufoka. "Mwanangu, ungeniuliza kwa nini." Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu Dubai nilijifunza kumwuliza mgeni, halafu nyumbani nikashindwa kumwuliza mzee aliyesimama mbele yangu. Mtihani haukupi sababu. Una maneno tu. Kazini mwenye katazo yupo, na anajua anachokilinda.

Siku hizi nikipanda gari Kasulu kwenda Kibondo, hatufiki Makere kabla sijapiga simu: "Shikamoo mzee. Leo mnatuma nini, na saa ngapi?"