Ekseli ya Ford ya Zamani: Anza na Kingpini, Kuishusha Baadaye

Mtu akipata ekseli ya mbele ya Ford ya 1932 ili ajengee hot rodi, swali lake la kwanza huwa ni namna ya kuishusha. Namwelewa. Gari lililoinamisha pua, magurudumu yakiwa nje bila madigadi, ndilo lililowavutia vijana wa Kalifornia kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, na mvuto huo haujaisha. Lakini chuma hicho kimepita miaka 90. Kimegonga mawe, kimepinda, kimenyooshwa na mafundi ambao hutakutana nao kamwe. Kabla hujakibadilisha chochote, jua kwanza kina hali gani.

Muundo wake ni rahisi: ekseli moja ya chuma cha kufua yenye umbo la I, springi moja ya majani iliyokingama kutoka gurudumu hadi gurudumu, na wishboni, yaani mkono wa umbo la V unaoizuia ekseli isirudi nyuma. Ford iliutumia mpangilio huu kwenye magari yake madogo hadi 1948, ndiyo maana vipuri vya miaka mbalimbali huchanganywa sana. Angalia jambo moja kabla ya kutoa pesa: hadi 1934 springi ilikaa juu ya ekseli, na kuanzia 1935 ikakaa mbele yake. Wishboni ya mpangilio mmoja haiendi kwenye mwingine bila kukatwa.

Safisha kila kitu hadi chuma kitupu. Kisha tafuta nyufa kwa njia ya gereji: paka mafuta ya taa, acha yapenye, futa hadi pakauke, halafu paka chaki. Penye ufa mafuta yatachuruzika na kuchora mstari kwenye weupe. Kagua hasa shina la spindeli, ile nondo inayobeba beringi za gurudumu, pale inapoungana na mwili wake. Ukiona mstari hapo, tupa. Usiichomelee spindeli wala ekseli, hata kama fundi wako ana mkono mzuri namna gani, maana chuma cha kufua kikichomelewa hubaki na ugumu usiolingana pembeni ya kiungo, na ufa unaofuata huanzia hapo hapo.

Sasa kingpini, yaani pini ambayo spindeli huizungukia kwenye ncha ya ekseli. Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako. Watu hununua seti mpya ya kingpini na bushi, wakaipachika, wakadhani kazi imeisha. Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyo hivyo. Usukani ulikuwa mwepesi gari likiwa limesimama, lakini nilipokanyaga shimo dogo barabarani magurudumu yalianza kupiga kushoto na kulia hadi nikasimamisha gari. Kosa halikuwa kwenye bushi. Tundu la ekseli lenyewe lilikuwa limelika likawa na umbo la yai, na kingpini mpya ilikuwa inacheza ndani yake. Kingpini haitakiwi kusogea hata kidogo kwenye ekseli. Kinachozunguka ni spindeli tu. Kwa hiyo lipime tundu kwa kipimo cha ndani, juu, katikati na chini, kisha geuza kipimo robo mzunguko upime tena. Likiwa limepanuka, peleka ekseli kwa fundi wa kukereza alitoboe sawasawa na kulitia bushi ya chuma, au atumie kingpini nene zaidi. Kuzungushia kipande cha bati ni kuahirisha tatizo.

Bushi za shaba za spindeli huingia zikiwa na tundu dogo kuliko kingpini, kwa makusudi. Zisafishe ndani kwa rima ndefu inayopita kwenye zote mbili kwa pamoja, ili zikae kwenye mstari mmoja. Kipimo kizuri ni hiki: kingpini yenye mafuta iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, isianguke yenyewe. Hakikisha tundu la grisi kwenye bushi linaelekeana na nipeli kabla hujaipiga ndani. Beringi ya kubeba uzito hukaa chini ya ekseli, kwa sababu ekseli ndiyo inayoikandamiza spindeli. Wosha nyembamba za kuondoa mchezo hukaa juu.

Ukishamaliza hayo, zungumza habari ya kushusha. Ekseli hushushwa kwa kupashwa moto na kuvutwa karibu na ncha zake, ili magurudumu yapande inchi 2 hadi 3 huku katikati kukibaki chini. Kazi hiyo mpe mwenye vifaa vya kuishikilia isipinde. Mimi siifanyi mwenyewe. Lakini matokeo yake yatakuangukia wewe: spindeli zikipanda, mikono ya usukani hupanda nazo na tairodi, ile fito inayoiunganisha mikono hiyo, hugonga wishboni. Dawa yake ni kuikunja mikono hiyo kuelekea chini. Ipashe moto hadi iwe nyekundu ya wazi, ikunje taratibu, kisha iache ipoe yenyewe hewani. Usiitie maji, itakuwa ngumu na kukatika kama kioo. Ikunje kwenda chini tu, isisogee kando, kwa sababu nafasi ya ncha zake ndiyo inayofanya gurudumu la ndani lijipinde zaidi kwenye kona.

Wengi pia huikata wishboni katikati na kufunga kila mkono kwenye chesisi, ili kupata nafasi ya injini na giaboksi nyingine. Hapo elewa kinachotokea. Wishboni nzima huzunguka kwenye mpira mmoja nyuma, kwa hiyo ekseli huinama upande mmoja bila kulazimishwa. Ikishakatwa, gurudumu moja likipanda kila mkono hutaka kuizungusha ncha yake kwa kadiri tofauti, na ekseli lazima ijisokote. Ekseli ya I inaweza. Ekseli ya bomba haiwezi; badala yake mabano hupasuka au mikono huvunjika. Kama una ya bomba, tumia fito nne zenye bushi za mpira.

Springi ina nguvu iliyojificha. Kabla ya kufungua boliti ya katikati, ibane kwa klampu, weka nondo ndefu yenye nyuzi badala ya boliti hiyo, na ulegeze kidogo kidogo. Shako zake, yaani viungo vinavyoishika kwenye ekseli, zikae kwenye nyuzi kama 45, ukipima injini ikiwa ndani. Bila uzito wa injini utadanganyika.

Mwisho, panga magurudumu. Kingpini ziegemee nyuma kwa nyuzi 5 hadi 7, pande zote mbili sawa, na magurudumu yakaribiane mbele kwa milimita 1.5 hadi 3. Endesha kilomita 20 kwa mwendo wa pole, rudi, na ukaze upya boliti za springi na za wishboni. Kisha inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, na ulitikise. Ukisikia mchezo, rudi kwenye kingpini.