Sikukuu ya Kutabaruku

Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, mmesoma ya kwamba Yesu alikuwa akitembea hekaluni siku za Sikukuu ya Kutabaruku, nao ulikuwa wakati wa baridi. Mtoto wa Bariadi aweza kuuliza: Sikukuu gani hiyo? Tena, mwezi wa Desemba una baridi gani? Kwetu Simiyu ni wakati wa mvua, watu wamo mashambani wakipanda pamba, na jua huchwa baada ya saa kumi na mbili na nusu. Lakini mji wa Yerusalemu u mbali sana upande wa kaskazini. Huko, mwezi huo, mchana ni mfupi, na jua huchwa kabla ya saa kumi na moja. Basi, wakati giza linapozidi ndipo Wayahudi wawashapo taa za sikukuu hii. Wao huiita Hanuka, yaani kuweka wakfu.

Asili yake ni hii. Mwaka 167 kabla ya kuzaliwa Kristo, mfalme Antioko wa Shamu aliwakataza Wayahudi kushika Sheria ya Musa. Hawakuruhusiwa kutahiri watoto wao wala kushika Sabato, na hekalu lilitiwa unajisi kwa sadaka za miungu ya Kiyunani. Kuhani mmoja wa kijiji cha Modini, jina lake Matathia, alikataa amri hiyo, akakimbilia milimani pamoja na wanawe watano. Alipokufa, mwanawe Yuda Makabayo aliwaongoza watu vitani. Mwaka 164 waliingia Yerusalemu, wakalisafisha hekalu, wakajenga madhabahu mpya, wakaiweka wakfu kwa siku 8. Mapokeo yasimulia ya kwamba walikuta chupa moja tu ya mafuta safi, yatoshayo taa ya hekalu kwa siku 1. Nayo yakawaka siku 8.

Sasa tutazame jinsi sikukuu hii ishikwavyo nyumbani. Usiku uingiapo, watu wote wa nyumba hukusanyika, hutamka maneno ya baraka, kisha huwasha taa. Usiku wa kwanza huwasha 1, usiku wa pili 2, na hivyo hivyo hata usiku wa nane. Iko na taa ya tisa, iitwayo mtumishi; hiyo ndiyo ya kuwashia zile nyingine. Nuru ya zile nane si ya kusomea wala ya kufanyia kazi; ni ya kutazamwa tu. Tena huwekwa dirishani au mlangoni, ili wapitao njiani waione. Watu huimba, hula vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta, kama maandazi, na watoto hucheza kwa kuzungusha pia yenye pande nne.

Zamani waalimu walibishana. Wanafunzi wa Shamai walisema, na ziwashwe 8 kwanza, kisha zipunguzwe. Wanafunzi wa Hileli walisema, tuanze na 1 tuongeze, kwa maana mambo matakatifu hupandishwa, hayashushwi. Neno la Hileli ndilo lishikwalo hata leo.

Maskini hakusahauliwa. Taa 1 kwa nyumba nzima kila usiku yatosha kutimiza sheria. Mafuta ya zeituni hupendwa zaidi, lakini mengine nayo yafaa. Basi mafuta ya mbegu za pamba na utambi wa pamba, vitu ambavyo mtoto wa Bariadi avijua sana, vingetosha kabisa.

Katika sinagogi nako taa huwashwa. Kila asubuhi watu huimba zaburi za sifa, na husomewa habari za sadaka za wakuu wa Israeli, katika Hesabu sura ya 7. Kazi haikatazwi siku hizo, ila siku ya Sabato.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, karibu na mji wa Mbale katika Uganda, wako Waafrika washikao dini ya Kiyahudi, waitwao Abayudaya. Aliyewaanzisha ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, mwaka 1919. Idi Amin alipotawala, kati ya mwaka 1971 na 1979, dini yao ilikatazwa na masinagogi yao yalifungwa. Wengi waliiacha, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Amin alipoondolewa, wale wachache wakajitokeza tena. Mwaka 2016 sinagogi kubwa lilifunguliwa katika kilima cha Nabugoye, na Hanuka ni mojawapo ya sikukuu zao.

Mwenye nguvu aweza kulitia hekalu unajisi, aweza kufunga sinagogi kwa kufuli. Lakini taa ya Hanuka huwashwa nyumbani, kwa mkono wa baba, mama au mtoto, nayo huanza na moja.

MASWALI

1. Kwa nini taa huongezwa kila usiku, wala hazipunguzwi?
2. Jumla ya taa za siku 8 ni ngapi, bila kuhesabu mtumishi? Na pamoja naye?
3. Abayudaya walipatwa na jambo gani lililofanana na la Wayahudi wa siku za Antioko?