Jinsengi ya porini: hesabu vikonyo, kisha soma shingo

Jinsengi ya Marekani, ambayo wanasayansi huiita Panax quinquefolius, huota yenyewe katika misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Quebec na Ontario hadi Georgia. Makao yake makuu ni milima ya Appalachia. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Kentucky, Ohio na Tennessee si haba siku hizi, na baadhi yao wametoka mahali ambapo mtu huingia msituni kuchimba dawa bila kumwuliza mtu. Marekani huulizwa. Mzizi mkavu wa porini huuzwa kwa mamia ya dola kwa ratili moja, na sehemu kubwa huishia Hong Kong na China.

Biashara yenyewe ni kongwe. Mwaka 1716 padre Mjesuiti, Joseph-François Lafitau, aliuona mmea huu karibu na Montreal alipokuwa akiishi na Wamohawk. Alikuwa amesoma maelezo ya padre mwenzake juu ya jinsengi ya Asia. Mwaka 1784 meli ya Empress of China ilipong'oa nanga New York kwenda Canton, ilibeba tani kwa tani za mizizi hiyo. Baada ya karne tatu za kuchimbwa, si ajabu kwamba leo unaweza kutembea kutwa usiuone hata mmoja.

Anza kwa kusoma mteremko. Kwetu sisi tuliozoea jua la utosini, upande wa mlima hauleti tofauti kubwa, lakini huko kaskazini jua hupita upande wa kusini. Kwa hiyo miteremko inayoelekea kaskazini na mashariki hubaki na kivuli na unyevu, na huko ndiko jinsengi inakopenda. Inataka udongo mweusi wenye majani yaliyooza, usiotuamisha maji, chini ya miti mikubwa inayopukutisha majani: miti ya mepo, ile inayogemwa utomvu wa kupikia sharubati, na mijozi. Msitu wa misonobari mitupu, au bonde la kinamasi, upite tu.

Sasa mmea wenyewe. Hauna matawi. Ni shina moja jembamba, lisilo la mti, la sentimita 20 hadi 50 hivi, na kileleni, mahali pamoja, hutawanyika vikonyo vya majani. Kila kikonyo ni jani moja lililogawanyika katika vijani, kwa kawaida vitano, vyote vikitokea kwenye ncha ya kikonyo kama vidole kwenye kiganja. Vitazame kwa makini: vitatu vya mbele ni vikubwa, viwili vya nyuma ni vidogo sana, na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Kwangu mimi hii ndiyo alama inayokata shauri. Pale vikonyo vinapokutana huchomoza kijiti kimoja cha maua madogo meupe yenye ukijani, kiasi cha Juni na Julai. Kufikia Agosti na Septemba maua hayo yamekuwa matunda mekundu, yamejikusanya katika kishada kimoja. Baadaye majani hugeuka manjano, yakaanguka.

Mimea inayofanana nayo ni mingi. Mtambazi wa Virginia una vijani vitano vyenye meno, lakini vyote vinakaribiana kwa ukubwa, na ukilifuata shina utakuta ni kamba ya mti inayotambaa au kupanda. Aralia nudicaulis hudanganya zaidi. Hata hivyo kijiti chake cha maua hutoka ardhini peke yake, kando ya jani, na matunda yake yakiiva huwa meusi. Arisaema triphyllum ina kishada chekundu kinachomvutia mgeni, ila vijani vyake ni vitatu visivyo na meno, na ukiitafuna itakuchoma kinywa na koo. Miche michanga ya hikori nayo ina vijani vitano. Iguse shina, utahisi ni mti.

Jinsengi changa kabisa ina vijani vitatu tu, mfano wa stroberi. Miaka ikipita huongeza kikonyo cha pili, cha tatu, pengine cha nne. Lakini vikonyo havitoshi kukupa umri, maana mmea ulioliwa na swala wa huko au kukosa mvua unaweza kupunguza majani. Umri umeandikwa shingoni. Kila mwaka shina hufa na kuacha kovu juu ya mzizi. Pangusa udongo taratibu kwa vidole, bila kung'oa, uhesabu: makovu manne maana yake mmea una miaka mitano.

Hesabu hiyo ndiyo sheria yenyewe. Tangu 1975 jinsengi hii imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na Marekani hairuhusu mzizi wa porini kuuzwa nje kabla haujatimiza miaka mitano. Illinois inadai kumi. Kentucky huruhusu uchimbaji kuanzia 1 Septemba hadi 1 Desemba, kwa mmea wenye vikonyo vitatu au zaidi. Kwenye shamba la mtu chukua idhini ya mwenyewe, na iwe ya maandishi. Katika Hifadhi ya Great Smoky Mountains ni marufuku kabisa. Adhabu hufika miezi sita jela na faini ya dola 5,000. Misitu ya taifa ya Pisgah na Nantahala ilisimamisha vibali mwaka 2021. Kanada haina mjadala: ya porini haichimbwi.

Anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda asile mzizi huu kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa unaweza kuipunguza nguvu dawa hiyo.

Ukichimba kihalali, subiri matunda yawe mekundu. Yaminye utoe mbegu, uzifukie hapohapo kwa kidole, kina cha sentimita 2 au 3, kisha uzirudishie majani makavu juu. Usirudi majira ya kuchipua yanayofuata ukategemea kuona kitu. Mbegu hulala mwaka mzima na zaidi, na vijani vitatu vya kwanza huonekana majira ya pili.